Kosa la Kuharibu Sampuli

Nchi ninayoisimulia siwezi kuitaja jina. Si kwa woga, la hasha. Kwetu hakuna woga, uliondolewa kwa waraka. Ni kwa sababu jina la nchi lilipelekwa kwenye Tume ya Tathmini miaka sita iliyopita ili lipimwe kama bado linatufaa, na mpaka leo halijarudi. Kwenye barua za serikali tunaacha nafasi na kuweka vinukta. Ukiona barua yenye vinukta pale juu, ujue imetoka kwetu.

Ni nchi nzuri sana. Kila mtu anapimwa. Daktari anapimwa na karani wa hospitali, karani anapimwa na mlinzi wa getini, na mlinzi anapimwa na mtu kutoka makao makuu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, lakini alama zake huja kila mwezi bila kukosa. Kuna mkunga mmoja alishushwa daraja kwa kuwa watoto aliowapokea walilia bila kufuata utaratibu. Imamu wa msikiti wa sokoni alipata asilimia sitini na moja, eti dua zake hazikuwa na malengo yanayopimika. Padri wa ng'ambo ya barabara akapata hamsini na tisa. Tangu siku hiyo wawili hao wamekuwa marafiki wakubwa.

Walimu nao wana Fomu Namba Tisa, yenye maswali mia moja na kumi na manne. Swali la thelathini na moja linauliza: "Je, mwalimu hutabasamu? Taja mara ngapi kwa wiki." La themanini na saba linauliza: "Je, mwalimu hupata muda wa kufundisha? Kama ndiyo, eleza ameupata wapi." Fomu hiyo hujazwa kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa huhakikiwa. Baada ya miaka michache ikagundulika kwamba watoto wengi hawajui kusoma. Wakubwa walishangaa mno. Wakakaa vikao, wakanywa chai, wakashangaa tena, na mwisho wakaunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Ugumu wa Kujifunza, ambayo ndiyo iliyoniajiri mimi.

Cheo changu kilikuwa Mkusanyaji wa Takwimu Daraja la Tatu. Taasisi ilikuwa na watumishi mia nne na kumi na wawili, na watoto wa kutafitiwa kumi na wawili. Usije ukadhani nchi nzima ilikuwa na watoto kumi na wawili tu wasiojua kusoma. Walikuwa wengi kama kumbikumbi, lakini fomu za kuwasajili ziliishia hapo, na kwetu mtoto asiye na fomu hana ugumu wowote.

*

Mkurugenzi wetu alikuwa Profesa Barutwa. Huyu ni bingwa wa ugumu wa kujifunza. Ameandika vitabu tisa, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kujifunza kitu ndani yake. Ndiye aliyebuni Mradi wa Miaka Saba. Kila mtoto katika wale kumi na wawili alipewa namba na beji ya bati, akaitwa sampuli. Mradi ulikuwa na kifungu kimoja ambacho sisi wakusanyaji tulikikariri kuliko sala: "Sampuli isiguswe." Maana yake, mtoto aliyeingia kwenye mradi akiwa hajui kusoma, abaki hajui mpaka miaka saba iishe.

"Huwezi kumpima mtu nguo huku anacheza ngoma," Profesa alituambia siku ya uzinduzi. "Lazima asimame wima. Watoto hawa wasimame wima, ndugu zangu. Sayansi inawapima."

Tukapiga makofi. Kupiga makofi kuna alama nne.

Mimi nilipangiwa Sampuli Namba Saba, binti wa miaka tisa jina lake Zamoyoni, anayeishi na bibi yake katika mji mdogo wa Mawemawili. Mtoto alikuwa mwerevu, mcheshi, mwepesi wa hesabu za kichwani, lakini ukimwekea maandishi mbele yake, macho yanamjaa maji. "Zinacheza," alikuwa akisema. "Herufi zinacheza, Bwana Fomu." Bwana Fomu ndiye mimi, watoto wa mtaa mzima waliniita hivyo. Nilikuwa nakwenda kila baada ya miezi mitatu, nakaa kwenye kigoda, namwonyesha kadi yenye sentensi moja, anashindwa, naandika kwamba ameshindwa, bibi ananipa maji ya kunywa, naondoka. Familia ilipewa cheti cha pongezi chenye muhuri, na bibi akakitundika ukutani akidhani mjukuu wake ameshinda kitu.

Bibi huyo, Bi Siwatu, hakujua kusoma na macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Alikuwa na chupa mbili za vidonge vyeupe vinavyofanana kama mapacha. Chupa moja ilikuwa ya presha, nyingine ya maungo. Siku moja alivichanganya akaanguka jikoni, akalazwa siku tano. Tangu hapo alizifunga chupa kwa kamba ya katani: yenye fundo moja ya presha, yenye mafundo mawili ya maungo. Nilizikuta zimekaa juu ya kabati kila nilipokwenda. Niliziandika kwenye fomu, sehemu ya "Mazingira ya Sampuli".

*

Mwaka wa kwanza wa mradi akahamia shuleni kwa Zamoyoni mwalimu mmoja mwanamke, Siwema Lugongo. Huyu alikuja na sifa mbaya. Tathmini yake ilikuwa asilimia kumi na nne, ya mwisho katika wilaya, kwa sababu Fomu Namba Tisa alikuwa hajazi. Aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Ukitaka kujua ubaya wake, mlinganishe na Mwalimu Kijazo wa shule hiyohiyo, aliyekuwa mwalimu bora wa wilaya mara tatu mfululizo. Kijazo alikuwa hajaingia darasani miaka minne, na fomu zake hazikuwa na doa. Ana mwandiko mzuri sana, yule bwana.

Waraka wa sampuli Mwalimu Siwema alipewa siku aliyoripoti. Akaupokea, akausoma, akamuuliza mwalimu mkuu: "Kwa hiyo huyu mtoto akae nyuma miaka saba, asifundishwe?"

"Akae nyuma kwa heshima," mwalimu mkuu akamrekebisha. "Ni mali ya utafiti."

Mwalimu Siwema hakubishana. Jioni yake alionekana akipita mitaani akiomba kandambili mbovu. Watu wakadhani amerukwa na akili, wakampa. Zamoyoni ndiye aliyenisimulia baadaye alizifanyia nini. Alizisugua kwa sabuni na mchanga, akachukua kisu cha jikoni, akachonga herufi. Herufi nene, za mpira, ambazo mtoto anaweza kuzishika akiwa amefumba macho, akazipapasa ukingoni, akazijua kwa vidole kabla ya kuzijua kwa macho. Na kwa kuwa Zamoyoni alisumbuliwa zaidi na b na d, ambazo kwake zilikuwa kitu kimoja kinachogeukageuka, mwalimu alizichonga zote za b kutoka kandambili za mguu wa kushoto, na zote za d kutoka za kulia. Akamvalisha kandambili, akamtembeza darasani. Kushoto, b. Kulia, d. Walifanya hivyo kila siku wakati wa mapumziko, wakati walimu wengine wakijaza swali la thelathini na moja.

*

Sasa nifike kwenye siku yangu. Ulikuwa mwaka wa pili wa mradi, na Zamoyoni ameshatimiza miaka kumi. Nilikaa kwenye kigoda kama kawaida, nikatoa kadi, akaitazama, akanitazama mimi, akasema hawezi. Nikaweka fomu gotini nikaanza kuandika. Niliandika maneno niliyoyazoea, ambayo mkono wangu uliweza kuyaandika hata nikiwa nimelala: "Hana uwezo wa kubaini hata maneno madogo."

Yeye alikuwa amesimama mbele yangu. Karatasi aliiona juu chini. Nikaona mguu wake wa kushoto umegusa sakafu kidogo, kisha kitambo kikapita, ukagusa wa kulia.

"Bwana Fomu," akasema, "mbona umeandika sina uwezo wa kubaini hata maneno madogo? Nimekukosea nini?"

Nikatazama juu ya kabati. Zile chupa mbili zilikuwa palepale, lakini kamba za katani hazikuwepo.

"Ananisomea yeye sasa," Bi Siwatu akasema kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliyebeba furaha muda mrefu bila pa kuitua. "Kila asubuhi ananisomea. Presha, maungo. Hata tarehe ya kuharibika anaisoma. Kamba nimefungia kuni."

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza mtoto.

"Mwalimu Siwema. Amesema nikikwama niulize miguu." Halafu akashika mdomo, maana alikumbuka kwamba ilikuwa siri. "Usimwandike, Bwana Fomu. Tafadhali. Andika tu siwezi, mimi sitakasirika tena."

Hapa ningependa kusema kwamba sikumwandika. Ningependa sana. Lakini mwezi uleule tathmini yangu mwenyewe ilikuwa njiani. Nilikuwa na asilimia sabini na mbili, na kwetu mtu wa sabini na nne hupandishwa daraja. Kugundua sampuli iliyoguswa kuna alama tano. Nikarudi mjini nikaandika taarifa kwa mwandiko safi, kurasa mbili, nikaambatisha maelezo kuhusu kandambili. Niliiona ni kazi kama kazi nyingine. Siku hizi naona haya hata kuuosha mkono ule.

*

Nchini kwetu kuharibu sampuli ya taifa ni miaka mitatu gerezani. Kesi ilisikilizwa ukumbini mwa Taasisi, kwa kuwa mahakama ilikuwa imefungwa kwa tathmini. Meza kuu ilitandikwa kitambaa cha kijani kilichofika mpaka chini. Mimi nikakaa pembeni, ubavuni mwa meza, nikiandika kumbukumbu za kikao. Vielelezo vilipangwa kwenye sinia: herufi za mpira arobaini na nane, zimeoshwa, bado zina alama za vidole vya miguu vya watu wa Mawemawili.

Profesa Barutwa akasimama. Alisimama kwanza dakika nzima bila kusema kitu, ili tuone uzito.

"Waheshimiwa," akaanza, "taifa hili lina sampuli kumi na mbili tu. Leo tuna kumi na moja, na moja ya shaka. Ndugu zangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na walimu wetu tumewasifu mno. Tukiacha kila mwalimu afundishe kwa hamu yake, kwa kandambili zake, kesho watoto wote watasoma. Kesho kutwa watasoma na wadogo zao. Nami nauliza, na historia inauliza pamoja nami: sisi tutatafiti nini?"

Ukumbi ukarindima kwa makofi. Watumishi mia nne na kumi na wawili wana familia, usiwalaumu.

Akaitwa mshitakiwa. Mwalimu Siwema alikuwa amevaa kitenge cha rangi ya tikiti na viatu vya kawaida. Akaulizwa kama alimfundisha Sampuli Namba Saba kusoma.

"Nilimfundisha," akajibu.

"Kwa makusudi?"

"Hivi kuna kufundisha kwa bahati mbaya, Mheshimiwa?"

"Ulisoma waraka?"

"Niliusoma. Tatizo langu ndilo hilo, najua kusoma, na nilitaka na mwenzangu ajue."

Mimi nilidhani kesi imekwisha hapo. Lakini Profesa alitabasamu kwa huruma, akawaeleza wajumbe kwamba kukiri si takwimu. "Walimu wote nchini hudai kwamba wamefundisha," akasema. "Tukiwaamini kwa maneno, tutakuwa nchi ya wasomi. Aletwe mtoto apimwe."

Zamoyoni akaletwa na bibi yake akiwa ameshikwa mkono, akatenganishwa naye mlangoni, akasimamishwa ubavuni mwa meza, karibu na mimi kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. Kadi mpya ikaandikwa palepale ili isiwe imekaririwa. Ilisema: "Dada alibeba debe la dagaa."

Mtoto akaitazama. Mwalimu Siwema, ambaye kadi hiyo ingempeleka gerezani, akainama mbele kwenye kiti chake.

"Soma, mwanangu," akasema. "Usiniogopee mimi. Soma tu, wakusikie."

"Baba," Zamoyoni akasema. "Baba ana... ana... Siwezi."

"Zamoyoni, unaweza!"

"Siwezi, mwalimu," akajibu, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Herufi zinacheza."

Wajumbe waliona uso wa mtoto na kadi. Mimi niliyekaa ubavuni, chini ya ukingo wa kile kitambaa, niliona miguu. Alikuwa amevaa kandambili za bluu. Kulia, kulia. Kushoto, kushoto. Kulia, kushoto. Kulia. Polepole, bila kukosea, miguu ilisoma sentensi nzima mpaka nukta, huku mdomo ukiapa kwamba haujui. Nilitazama ukurasa wangu wa kumbukumbu. Palikuwa na safu ya "Mengineyo yaliyoonekana". Nikaiacha tupu. Ndiyo safu pekee niliyopata kuiacha tupu katika utumishi wangu wote.

Mwalimu Siwema alijifunika uso kwa mikono miwili akalia. Wajumbe wakadhani ni furaha ya kuachiwa. Profesa akatangaza kwamba sampuli ni nzima, haina athari yoyote ya kufundishwa, na mshitakiwa yuko huru. Kumi na mbili zilibaki kumi na mbili. Tukaenda kula pilau.

*

Saa nane mchana tulirudi ukumbini. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimeondolewa, kimetandikwa chekundu, kwa sababu sasa ilikuwa zamu ya Tume ya Tathmini ya Watumishi. Wajumbe wengi walikuwa walewale wa asubuhi. Profesa Barutwa alihama viti viwili kushoto, na kiti cha katikati akakaa Kamishna Tengo, mama mnene mwenye miwani mitatu: ya kusomea, ya kuonea mbali, na ya heshima. Kumbukumbu zangu za asubuhi zilikuwa mbele yake.

"Mwalimu Lugongo," akasema, "umekaa na mtoto huyu darasani kwa muda gani?"

"Mwaka mmoja na miezi, Mheshimiwa."

"Na leo asubuhi, mbele ya jopo la wataalamu, mtoto wako ameshindwa kusoma sentensi ya maneno matano. Dada, dagaa, na takataka nyingine. Una maelezo?"

Mwalimu Siwema alimtazama kama mtu anayesubiri mzaha umalizike. Haukumalizika.

"Asubuhi mlitaka kunifunga kwa kuwa anajua," akasema.

"Asubuhi ilikuwa Taasisi. Hii ni Tume. Tafadhali usichanganye ofisi."

"Lakini si ni nyinyi? Profesa si huyo hapo?"

"Mimi hapa ni mjumbe," Profesa akasema. "Yule wa asubuhi alikuwa mkurugenzi. Siwezi kumsemea."

Ndipo Mwalimu Siwema alipocheka. Alicheka sana, mpaka akashika ukingo wa meza, na karani wa Tume kwa uaminifu mkubwa akafungua Fomu Namba Tisa, swali la thelathini na moja, akaandika "mara moja". Tathmini ikapanda kutoka kumi na nne hadi kumi na tano. Haikutosha. Akaachishwa kazi kwa kukosa ufanisi, akapewa siku mbili kuhama nyumba ya shule, na akakatazwa kuikaribia sampuli yoyote kwa umbali usiopungua kilomita arobaini. Nafasi yake ya darasani ikajazwa na Mwalimu Kijazo. Kwenye karatasi, yaani.

Zamoyoni na bibi yake walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nje tangu asubuhi. Niliwakuta hapo. Mtoto akasimama mara moja.

"Shikamoo, Bwana Fomu. Hawamfungi?"

"Marahaba. Hawamfungi," nikamjibu. Ilikuwa kweli, na nilishukuru kwamba hakuuliza zaidi.

Mwalimu akatoka nyuma yangu na bahasha mkononi. Nikamsogelea, nikamnong'oneza kitu pekee cha maana nilichowahi kusema katika jengo lile: "Mwalimu, miguu ilisoma yote. Haikukosea hata herufi moja."

Kisha akaenda akachuchumaa mbele ya yule binti pale ngazini, akamrekebisha ukanda wa kandambili uliokuwa umechomoka.

"Nimeambiwa miguu yako imesoma vizuri sana," akasema.

Zamoyoni akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Bi Siwatu akauliza kuna nini.

Kabla ya kuondoka mwalimu alinishika mkono wa shati. Sikutegemea. "Wewe ndiye utakayebaki unakwenda kwake," akasema. "Mtoto wa namna ile asiposoma kila siku, herufi zitarudi kucheza. Kila ukienda, mpelekee kitu cha kusoma. Chochote. Hata gazeti la kufungia maandazi. Utampelekea?"

"Nitampelekea," nikasema.

*

Nilipandishwa kuwa Mkusanyaji wa Takwimu Daraja la Pili. Kumbukumbu zangu za kikao zilisifiwa kwa usafi. Mradi wa Miaka Saba nao ulionekana umefanikiwa kiasi kwamba ukaongezewa miaka saba mingine kabla hata ya ile ya kwanza kuisha, na Profesa akavikwa nishani ya Uhifadhi. Herufi za kandambili ziliwekwa ndani ya kabati la kioo pale mapokezi. Kibao chake kinasema: "Vifaa vya jadi. Matumizi hayajulikani." Wageni husimama hapo wakapiga picha.

Safari ya kwanza baada ya kesi niliweka gazeti ndani ya begi, kurasa za hadithi za watoto nilizozichagua mwenyewe. Nilipofika Mawemawili nikamkuta msimamizi wangu amekuja kunitathmini jinsi ninavyopima. Gazeti likabaki kwenye begi. Zamoyoni alishindwa kadi kwa ufundi, mguu ukigonga taratibu, akanikonyeza. Safari ya pili hapakuwa na msimamizi, lakini gazeti nililisahau nyumbani. Ya tatu nililisahau tena, na kusahau huko, nikisema ukweli, nilikupanga tangu jana yake. Ya nne niliacha kujidanganya. Mtu akishapanda daraja anaanza kuogopa urefu wa kuanguka. Mwalimu Siwema aliniandikia barua moja kutoka kwao, akiuliza mtoto anasoma nini sasa. Ninayo bado. Sijaijibu.

Shuleni Zamoyoni alikaa nyuma kwa heshima.

Juzi nimekwenda tena. Sasa ana miaka kumi na mitatu, amerefuka, anasuka nywele za wenzake mtaani na watu wanasema ana mikono mizuri. Bi Siwatu haoni tena kabisa. Aliniletea maji kwa kupapasa ukuta. Nikakaa kwenye kigoda kilekile, nikainua macho juu ya kabati. Chupa mbili zilikuwepo. Shingoni mwa kila chupa palikuwa na kamba ya katani: moja fundo moja, nyingine mafundo mawili.

Nikajiambia ni mazoea ya wazee. Nikatoa kadi nikamwonyesha binti. Aliitazama kwa adabu, bila machozi, kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba isiyo yake. "Siwezi," akasema. Nikainamisha kichwa nikatazama miguu yake. Nilitazama muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe akaitazama kuona kama ina uchafu. Ilikuwa imetulia.

Anaigiza, nikasema moyoni. Amekuwa hodari, hahitaji tena kuiuliza miguu. Nikaitandaza fomu gotini, makusudi, wazi, mbele yake kabisa, nikaandika kwa herufi kubwa kuliko kawaida yangu: "Hana uwezo wa kubaini hata maneno madogo." Kisha nikasubiri anigombeze.

Zamoyoni aliinama akaiangalia karatasi. Akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule.

"Bwana Fomu," akauliza, "hapo umeandika nini?"

Nilimtafuta usoni, labda nitaona utani. Nilitafuta lile konyezo la zamani. Alikuwa ananingoja tu nijibu.

"Nimeandika jina lako," nikamwambia.

Akatabasamu, akapitisha kidole juu ya yale maandishi, akaniambia ahsante.